Mpishi Aliyefufuka

Kila alasiri Kasuku alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akaosha vyombo, kisha akaketi kando ya kitanda cha baba yake na kumsomea. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa kupenda kusoma kwa sauti.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja alifanya kazi bila miwani ya kujikinga, cheche zikamrukia machoni. Daktari alimfunga macho yote mawili kwa siku kumi.

"Ataona?" mama aliuliza.

"Tusubiri," daktari akajibu.

Basi nyumba nzima ikasubiri. Kasuku hakuweza kumponya baba wala kumpunguzia maumivu. Aliweza kusoma tu.

Kitabu alikiazima shuleni. Kilisimulia habari za joka linaloogopa kuruka na mchawi ambaye kila akipiga chafya, mtu hugeuka bata. Kilimchekesha Kasuku mpaka machozi, lakini kilikuwa na kasoro tele. Mpishi wa mfalme alizama kisimani akafa katika sura ya tatu. Katika sura ya sita akapakua mchuzi kana kwamba hakuna lililotokea! Kasuku aliona aibu kumsomea baba makosa hayo. Akawa anasahihisha kimyakimya. Palipoandikwa "mpishi", alisoma "mdogo wake mpishi". Palipovurugika zaidi, aliparuka.

Baba alisikiliza bila kucheka.

Siku ya nane shangazi alikuja kumjulia hali. Kasuku akaenda kuteka maji bombani. Aliporudi, kutoka mlangoni alisikia shangazi akisoma kile kitabu na baba akicheka.

"Dada, mpishi si alikufa? Kasuku alisema huyu ni mdogo wake!"

"Mdogo wake wapi! Kafufuka, tena na mwiko mkononi!" shangazi alisema, kitabu kikitikisika kwa kicheko chake. "Kichwa cha mwandishi huyu kinavuja kama pakacha."

Kasuku alitua ndoo. "Nilibadilisha, baba. Niliogopa utakichoka ukijua kina makosa."

Baba alipapasa hewani hadi akaupata mkono wake. "Mwanangu, mimi sioni. Ukiniambia nje kuna jua, ninaamini kuna jua. Ukinibadilishia hata neno moja, umenifunga kitambaa cha pili."

Kasuku alikichukua kitabu kwa shangazi. Alirudi sura ya tatu, akasoma upya, makosa na yote. Walicheka watatu mpaka mama akaacha kupika, akaja kusikiliza.

Siku ya kumi kitambaa kilifunguliwa. Jicho la kulia liliona vizuri. La kushoto liliona ukungu tu, na daktari alisema huenda likabaki hivyo. Mama aligeukia ukutani.

"Kasuku," baba aliita, "hili la kushoto likoje?"

Kasuku alitamani kusema ni zima. "Jekundu, baba. Limevimba. Lakini linanitazama."

Baba alimvuta karibu. "Hivyo ndivyo. Kitu ukikipenda, usifiche kasoro zake. Zitaje, kisha endelea kukipenda."