Mgeni wa Paskalina na Madumu ya Petroli

Kila alfajiri Paskalina aliwasha jiko la mkaa, akakaanga maandazi ya kuuza stendi ya Dongobesh. Wasafiri waliyapenda. Lakini siku hizi kila aliposhika kiberiti alisita. Kabla ya kukiwasha, alisimama na kunusa hewa.

Nyumba aliyoishi haikuwa yake. Yeye na mumewe, Theodory, waliipanga kwa Mzee Bura, mfugaji wa Dirma. Ilikuwa na vyumba viwili, katikati ukuta wa mbao. Mvua zilipoanza, Theodory alikwenda Mogitu kulima shamba la baba yake aliyekuwa mgonjwa. Paskalina akabaki na mtoto wao mchanga, Tito. Chumba kimoja kikawa hakina mtu.

Ndipo akaja Nicodemo, kijana mwenye maneno matamu. Aliomba chumba, na Paskalina akampangisha. Hakumwambia Mzee Bura. Majirani walipouliza, alijibu, "Ni mgeni wetu." Kwao mgeni hafukuzwi mlangoni, wala huombi ruhusa ya mtu ili umpokee. Lakini tangu lini mgeni akalipa kodi? Swali hilo Paskalina hakutaka kujiuliza.

Wakati huo pikipiki zilikuwa zimeanza kujaa Dongobesh, na petroli ilikuwa ya shida. Nicodemo akaona biashara. Alianza kuingiza madumu chumbani, moja moja, mpaka yakafika dirishani. Upande mmoja wa mbao kulikuwa na petroli. Upande wa pili kulikuwa na jiko la maandazi, na kando ya jiko kitanda cha Tito.

"Kaka Nicodemo, toa hayo madumu," Paskalina alimwambia. "Tutaungua na mtoto."

Nicodemo alicheka. "Kwani wewe huwezi kukaangia nje?"

"Mvua hii? Basi tafuta chumba kingine."

Hapo akaacha kucheka. "Nihame? Sawa. Ila nitampigia simu Mzee Bura. Nitamwambia nani alinipangisha nyumba yake. Tuone nani atatangulia kutoka."

Paskalina hakumwambia tena ahame. Mzee Bura alikuwa mrefu, mwenye maneno machache na fimbo ndefu. Watu walisema mpangaji wa kwanza alimkosea, akaondoka siku hiyohiyo na godoro kichwani. Yeye na Tito wangekwenda wapi? Basi akawa mtumwa katika nyumba aliyopanga mwenyewe. Aliogopa moto, aliogopa simu, aliogopa hata hodi.

Siku moja mwanamke kutoka Dirma alimpa habari stendi. "Mwenye nyumba wako anakuja kesho mnadani. Amesema atapita kwako."

Maandazi yote yaliyobaki aliyasahau palepale. Alimfunga Tito mgongoni, akaenda mbio kwa jirani yake Kornelia. Kornelia alikuwa msaidizi wa kisheria. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu haki zao na wajibu wao.

"Dada Kornelia, shikamoo. Nimekwisha!" Akamweleza yote. "Nikisema Nicodemo ni mdogo wake Theodory, Mzee Bura ataamini?"

"Marahaba. Kaa kwanza. Na huo uongo utaulea mpaka lini? Mficha uchi hazai, Mama Tito."

"Lakini kodi tunalipa! Kwa nini tusimweke tunayemtaka?"

Kornelia alimtazama kidogo. "Baba yako si analea ng'ombe wa rafiki yake?"

"Ndiyo, wa siku nyingi."

"Maziwa anakunywa nani?"

"Tunakunywa sisi."

"Je, baba anaweza kumpeleka ng'ombe huyo boma la mtu mwingine bila kumwambia mwenyewe?"

"Mungu wangu! Hawezi. Huo ni ugomvi mkubwa. Lazima aende akaombe kwanza."

"Akiruhusiwa, halafu ng'ombe akafia huko, mwenyewe anamuuliza nani?"

"Baba," alisema Paskalina. Akainamisha kichwa.

"Na nyumba ni hivyohivyo. Kodi inakupa maziwa. Ng'ombe bado ana mwenyewe."

Kisha Kornelia akamweleza taratibu. Mpangaji anaweza kumpangisha mtu mwingine, lakini kwanza apate idhini ya mwenye nyumba, kwa maandishi. Mwenye nyumba naye hatakiwi kukataa bila sababu ya maana. "Akikubali, andikianeni na huyo mtu pia. Atakaa chumba gani, atafanya nini humo, ataondoka lini. Usimpe muda unaozidi muda wako. Na akiharibu, mwenye nyumba atakuuliza wewe."

"Nami nimeshaharibu. Nifanye nini?"

"Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Na leo usiwashe moto mle ndani. Lete jiko lako hapa, na mtoto alale hapa."

Kesho yake Mzee Bura alifika, fimbo mkononi. Paskalina alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Habari za nyumba?"

Angeweza kusema "nzuri". Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Si nzuri, baba. Nimempangisha mtu bila kukuuliza. Ameweka petroli ndani. Nimekosa."

Mzee Bura alimpita. Aliingia, akasimama karibu na mbao, akanusa. Paskalina akaanza kufikiria godoro lake.

"Ng'ombe wangu wako kwenye maboma mengi," mzee alisema mwishowe. "Hakuna anayehamishwa nisijue. Wewe ni binti wa wafugaji. Ulisahau?"

"Sikusahau, baba. Niliogopa. Nilipomwambia ahame, alisema atakupigia simu."

Nicodemo alikuwa mlangoni, simu mkononi. Mzee Bura akamgeukia. "Nasikia ulitaka kunipigia. Nipo hapa. Sema."

Nicodemo akaitia simu mfukoni. Kabla ya jioni alikuwa amebeba madumu yake yote, na wiki hiyo akahama, kama walivyokubaliana na mzee.

"Mkipata mtu mwingine, mje mniulize," Mzee Bura alimwambia Paskalina akiondoka. "Mimi sikatai watu. Nakataa kufichwa. Ukinificha tena, utahama."

Theodory aliporudi kutoka Mogitu, alisimuliwa yote, akashika kichwa. Mtu mwingine alipatikana: Getruda, fundi cherehani. Safari hii walikwenda Dirma kwanza. Mzee Bura aliuliza maswali mengi, akakubali, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini. Kisha wao na Getruda wakaandikiana mkataba, Kornelia akiwa shahidi. Uliandikwa wazi: chumba ni cha kulala na kushona, si cha kuweka petroli.

Siku ya mnada mwingine, alfajiri, hodi ilisikika. Paskalina alikuwa ameshika kiberiti. Upande wa pili wa mbao cherehani ilikuwa inalia, na Tito alikuwa amelala.

"Hodi! Ni Bura."

"Karibu, baba! Shikamoo. Mlango uko wazi, chai inakuja."

Akawasha kiberiti. Hakunusa kwanza.