Alama Mbili za Kimya

Pah!

Ukumbi mzima wa stesheni ya treni ulitimka kama kuku waliomwona mwewe. Mama mmoja alikumbatia mkoba wake, askari akatia filimbi mdomoni, na kijana mmoja mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi upande mmoja tu, akaachia bahasha. Karatasi zikatapakaa sakafuni.

"Samahanini jamani! Ni puto tu! Kibali ninacho!"

Aliyesema hivyo ni mwanadada aliyesimama katikati ya ukumbi, gauni la manjano, raba nyeupe, hedifoni shingoni. Mkono mmoja ulishika sindano, wa pili ukainua barua yenye mhuri. Alikuwa mtafiti wa sauti chuo kikuu, mwaka wake wa mwisho wa udaktari, na aibu ilikuwa inamchoma mpaka masikioni. Alipiga magoti amsaidie yule kijana kuokota.

"Dada, unapasua maputo stesheni kwa kibali?"

"Napima mwangwi, kaka. Puto likipasuka, sauti inazunguka kuta zote. Kompyuta yangu inanionyesha imechukua muda gani kufa."

"Wewe unapima vifo vya sauti, mimi nasoma lugha zilizokufa. Tukiungana tufungue duka la sanda."

Mwanadada alicheka bila kutaka. Kisha macho yake yakanasa kwenye karatasi aliyoishika: safu za herufi asizozijua, na mwisho wa kila mstari, kistari kimoja au viwili vilivyolala.

"Hivi vistari ni nini?"

"Maneno yenyewe ni wimbo wa kale, umechongwa ukutani kwenye ule ukumbi wa mawe mlimani. Vistari, profesa wangu anasema ni nakshi tu za mchongaji." Kijana alikuna kidevu. "Mimi roho yangu inakataa. Nani ajichoshe na nakshi kwenye jiwe gumu vile?"

Honi ililia. Treni ikaanza kujivuta.

"Haya, hiyo ndiyo ilikuwa yangu," alisema kijana.

"Pole sana, kaka."

"Pole haitoshi. Namba ya simu itatosha."

Tangu siku hiyo kijana alimwita mwanadada Puto, naye mwanadada akamwita Jiwe, na majina yakawaganda. Jiwe alipiga simu asubuhi kabla ya chai, akapiga mchana, akapiga jioni.

"Puto wangu, umekula?"

"Niko ndani ya chumba kisicho na mwangwi. Hapa nasikia hadi moyo wangu unavyodunda."

"Unasemaje huo moyo?"

"Unasema kuna mtu ananichelewesha kazi. Kwaheri, laazizi."

Jumamosi moja walipanda mlimani. Ukumbi ulikuwa mrefu, baridi, paa lake la mawe bado zima. Puto alitandaza nyaya, akasimamisha maikrofoni, akapasua maputo sita. Kisha akainama juu ya kompyuta, akarudia kuikagua michoro ileile hata Jiwe akaingiwa na wasiwasi.

"Kuna nini?"

"Sauti nyembamba humu zinakufa haraka. Nzito zinakawia karibu mara mbili." Aligeuka ghafla. "Mistari yenye alama mbili inaishia na sauti gani?"

Jiwe alisoma ukutani, kidole kikifuata herufi, midomo ikicheza. "U," alisema. "Huu pia, u. Na huu, o." Akakimbilia upande wa pili. "Yenye alama moja... i. E. I! Puto!"

"Si nakshi. U na o ni sauti nzito, i na e ni nyembamba. Zinamwambia mwimbaji asubiri sauti iishe kabla hajaanza mstari mwingine. Alama moja, subiri kidogo. Mbili, subiri zaidi."

Jiwe alimnyanyua juu, hedifoni na kila kitu, akamzungusha. "Miaka elfu tatu! Wote tumesoma kwa macho, hakuna aliyesikiliza!" Hapo ndipo alipombusu kwa mara ya kwanza, naye hakulalamika.

Miezi mitatu ilikuwa ya asali. Halafu Puto akaliona tangazo.

Lilibandikwa kwenye ubao wa kitivo cha lugha, karatasi nzuri inayong'aa: *Siri ya Alama za Ukumbi wa Mawe*, mhadhara wa wazi. Jina la profesa lilikuwa juu. Chini yake, kwa herufi ndogo, lilikuwa la Jiwe. Aliisoma karatasi ile mara tatu, pengine macho yalikuwa yanamdanganya. La kwake halikuwepo.

Simu ililia mkobani. Hakupokea. Ikalia kesho yake na keshokutwa, naye akaizima kabisa. Si mtu wa kuombaomba jina lake. Kama mtu aliweza kumnyanyua juu kwa furaha, kisha akamwacha nje ya karatasi, basi na abaki na karatasi yake.

Siku ya tano alikwenda kwenye karakana ya baba yake. Baba alikuwa fundi redio. Ndiye aliyemfundisha, angali mdogo, kutambua kwa sikio tu spika iliyochanika. Alimsikiliza binti yake bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuunga.

"Umemuuliza?"

"Baba, tangazo limeshasema."

"Tangazo kaliandika yeye?"

Puto akaokota skrubu mezani, akaigeuzageuza.

"Redio ikikoroma siitupi, mwanangu. Naifungua kwanza. Nikikuta imeoza, hapo naitupa kwa raha zangu."

Alikwenda chuoni siku hiyohiyo, uso ameukaza tayari kwa vita. Karani wa idara alimtazama juu ya miwani.

"Yule mrefu? Hayupo ofisini tena. Siku tangazo lilipotoka aligombana na profesa hadi korido nzima ikasikia. Akakataa kusimama kwenye mhadhara, akamwandikia mkuu wa kitivo barua kwamba nusu ya kazi ni ya mtafiti mmoja wa sauti, na kwamba jina la mtafiti huyo lisipowekwa, lake yeye nalo litolewe. Sasa kapewa chumba cha mafaili, ghorofa ya chini."

Puto alishuka ngazi mbilimbili.

Jiwe alikuwa ameketi kati ya makabati yenye vumbi, shati lile la samawati limekunjamana. Alipomwona alisimama.

"Kwa nini hukuniambia?" Puto alimwuliza.

"Nimekupigia simu mara kumi na saba."

"Ungekuja!"

"Nije na nini? Na kilio? Nilitaka nije na jina lako mkononi." Alivuta barua mezani. "Imejibiwa leo asubuhi. Mkuu wa kitivo anataka tuthibitishe maana ya alama kulekule mlimani, mbele ya watu. Mimi na wewe. Tukishindwa, profesa hatanipokea tena."

"Umeiweka kazi yako rehani kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya ukweli. Na wewe umo ndani yake, mahabuba."

"Nisamehe, Jiwe. Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza. Mimi, mtu wa sauti!"

"Nimekusamehe ulivyokuwa unashuka ngazi. Kishindo cha miguu yako tu kilitosha."

Siku yenyewe ukumbi wa mawe ulijaa. Profesa aliketi mstari wa mbele, mikono kifuani. Puto alivaa gauni jekundu. Nyuma kabisa wazazi wake walikaa wima, baba ndani ya koti la suti lililombana mabegani.

Jiwe aliuimba ule wimbo moja kwa moja bila kutulia. Maneno yalipandana, yakawa ngurumo isiyo na maana. Akauimba tena akifuata alama. Safari hii kila mstari ulipaa, ukatanda, ukatulia, na uliofuata ukazaliwa safi kama umeoshwa. Mtu alishusha pumzi. Puto akasimama, akaeleza vipimo vyake kimoja baada ya kingine, bila haraka, bila kuangalia karatasi.

Profesa aliinuka.

"Miaka ishirini nimefundisha kwamba hizi ni nakshi," alisema taratibu. "Nilikosea kuhusu alama, na nilikosea zaidi kuhusu jina. Binti, tangazo jipya litaanza na lako."

Makofi yaliyopigwa mle ndani yalichukua muda mrefu kuisha.

Nje, kwenye ngazi, wazazi wakiwa hatua chache nyuma, Jiwe alimshika Puto mkono.

"Nina swali, nalo silo la kitaalamu. Utakubali tuoane?"

"Unauliza mbele ya wazazi wangu?"

"Niliogopa nikisubiri nitapoteza sauti."

"Nakubali," alisema Puto, kidevu juu, machozi yakimtiririka bila haya. "Mara mia, nakubali."

Mama alimkumbatia binti yake. Baba alimtazama Jiwe kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akampa mkono. "Ulimtetea akiwa hayupo. Mimi sina swali lingine."

Wakashuka mlima wote wanne, baba mbele, kifua kimemtoka, akimwambia kila waliyepishana naye, hata asiyemuuliza: "Yule mwenye gauni jekundu ni binti yangu. Na yule mrefu, mkwe wangu."