Kilichokuwa Ndani ya Mpini

Jumanne asubuhi, soko la Kilindoni likinuka papa mkavu kama kawaida yake, Costantine alikuwa kibarazani akinoa mapanga na kumtania mkewe Matilda, aliyekuwa akimenya mihogo. Mtu wa bara yule, lakini kisiwa kizima kilimjua kwa mikono yake. Umpelekee kisu kilicholiwa na kutu, mpini umeoza, utaondoka nacho ukidhani umenunua kipya. Na kujisifu alijua, si kumsingizia.

Ndipo akaja Bi Mwanamkuu wa Baleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliweka kisu sakafuni, hakumpa mkononi. "Cha marehemu baba. Alhamisi Kheri wangu anaoa, na ng'ombe wa harusi atamchinja yeye. Nataka achinje na hiki cha babu yake."

Mpini ulikuwa wa pembe ya kulungu wa Ulaya, ile yenye matawi, kitu cha tangu enzi za Wajerumani. Ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, ukazungushiwa kitambaa cheusi. Costantine akautikisa. Kitu kikagonga ndani. Ko, ko.

"Kitambaa usikifungue," Bi Mwanamkuu akanong'ona. "Ziba ufa juu kwa juu, basi."

"Kwa nini, mama?"

"Baba alikataza." Akaangalia pembeni kama mwenye aibu, akaaga.

Juu kwa juu! Hilo ndilo neno lililomchoma Costantine. Fundi gani anafunika kidonda chenye usaha? Alasiri alikifungua kitambaa. Pembe ya namna ile haina uwazi ndani, lakini hii mtu alikuwa ameitoboa makusudi. Akaigonga mezani. Kikaanguka kifupa cha kidole cha mtu.

"Kirudishe, Baba Blessing," Matilda alisema kwa sauti ndogo.

"Uchafu huu utaharibu gundi." Akakitupa kwenye makaa.

Alijaza tundu kwa unga wa pembe na gundi, akapiga msasa, akapaka mafuta ya nazi mpaka mpini ukang'aa. Akakijaribu kisu kwenye kamba. Kamba ikakatika, kisu kikaendelea, kikazama kwenye meza ya mninga hadi nusu ya ubao. Yeye hakuwa amekandamiza. Alicheka peke yake, kisha akarudisha kitambaa cheusi mahali pake.

Jumatano Kheri alikuja kukichukua, bwana harusi mwenyewe, meno yote nje. "Mama kasema nikuulize. Kitambaa hukukifungua?"

"Sikukifungua," Costantine akajibu.

Alhamisi asubuhi Matilda alimwita, uso umempauka. Ile alama ya kisu mezani ilikuwa inatoa damu. Aliifuta mara tatu, na mara tatu ikajaa.

Costantine alirukia bodaboda mpaka Baleni. Alimkuta Bi Mwanamkuu nyuma ya nyumba, kati ya masufuria ya pilau, akamvuta kando.

"Mama, nisamehe. Nilikifungua. Kifupa nimekichoma."

Bi Mwanamkuu akashika ukuta. "Baba alichinja mbuzi na kisu kile, mkono ukakataa kusimama. Akamuua mdogo wake. Wakakilisha kidole cha huyo mdogo, ndipo kikashiba. Niliona haya kukwambia, mwanangu."

Uwanjani Kheri alikuwa ameshapiga bismillahi.

Koo la ng'ombe lilifunguka. Damu ikaruka. Kisu hakikusimama. Kilikata nyama, kikakata mfupa, kichwa kikabingirika mavumbini. Watu walishangilia. Halafu wakanyamaza. Mkono wa Kheri ulikuwa bado unakata.

"Nishikeni!" alilia.

Taufiki, rafiki yake aliyeshika miguu ya ng'ombe, akamrukia. Kisu kilimpasua kuanzia bega hadi kiwiko. Mzee mmoja akapigwa shavuni, meno yakaonekana. Watu wakakimbia. Kheri alibaki peke yake katikati ya damu, analia kama mtoto, na mkono wake ukaanza kujikunja. Taratibu. Kuelekea kooni kwake.

Ngozi ikachanika.

Costantine alijua kisu kinataka nini. Aliogopa, maana mikono yake ndiyo iliyomlisha yeye na watoto. Lakini kosa lilikuwa lake. Akaupeleka mkono wa kushoto kati ya chuma na koo la Kheri.

Mfupa ukalia. Kisu kikaanguka.

Kheri alipona. Taufiki akashonwa, yule mzee akashonwa. Kidole cha pete cha Costantine kilikatika na pete yake ya ndoa, wala hakikuonekana. Walipekua mchanga, wakapindua majani ya migomba, wakamtazama kila mbwa mdomoni. Hakikuwepo.

Siku ya arobaini tangu siku ile, Bi Mwanamkuu alifika tena kibarazani Kilindoni, akakiweka kisu sakafuni. Ufa ulikuwa umefunguka upya, kutoka juu hadi chini, na kitambaa cheusi kimezungushwa kwa kukaza.

"Nani kakifunga hivi, mama?"

"Si mimi, mwanangu. Wala si Kheri."

Costantine akautikisa mpini. Ko, ko. Akausogeza kwenye mwanga, akachungulia penye ufa, pale kitambaa kilipoishia. Ndani kabisa kulikuwa na kitu cha manjano, ukingo wa pete yake ya ndoa. Matilda aliiona pia, akaketi chini akalia.

Fundi akachukua gundi. Aliuziba ufa juu kwa juu, kitambaa hakukifungua. Na kila alipopiga msasa, kidole asichokuwa nacho kilimuuma.