Tarumbeta ya Nne

Rafuni ilibaki chupa moja ya mafuta ya cherehani, na mikono miwili ikaifikia kwa wakati mmoja.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika duka la nyuzi na vifungo karibu na soko la zamani la Malindi. Wanawake walikuwa wamejazana wakilinganisha rangi za lesi, na nje tuktuk zilikuwa zikipigiana honi. Mkono mmoja ulikuwa wa Lewa, fundi wa kutengeneza cherehani, shati la buluu limekunjwa hadi viwikoni, kucha zimeingia grisi. Wa pili ulikuwa wa msichana mrefu mwenye dera la rangi ya ukwaju na makubadhi mapya, aliyebeba begi jeusi lenye umbo la ajabu.

"Dada, una cherehani ya aina gani?" Lewa aliuliza.

"Sina cherehani. Nina tarumbeta."

"Na hiyo hushona nini?"

"Hushona midomo ya wanaume wanaocheka wasichokijua."

Lewa aliiachia chupa, ila kwa sharti kwamba aisikie hiyo tarumbeta. Msichana alifungua begi palepale mlangoni. Akaeleza kwamba mafuta yake hasa hayapatikani Malindi, ila haya ya cherehani huvilainisha vile vibonyezo vitatu vya juu vizuri tu. Akapuliza mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, na waliokuwa wakibishana bei ya lesi wakanyamaza. Lewa aliinamisha kichwa kama afanyavyo akisikiliza mashine. Alisikia kitu, hakukisema. Ndiyo kwanza walikuwa wamejuana.

Msichana huyo aliitwa Nyevu. Wikendi alipiga katika bendi ya hoteli moja ya ufukweni, na Jumapili asubuhi kanisani. Tarumbeta ilikuwa ya babake, Mzee Fondo wa Jilore, aliyeipiga miaka thelathini hadi meno ya mbele yalipomtoka. Mpiga tarumbeta bila meno ni kama chungu bila kitako. Akampa binti.

Simu zikaanza siku hiyohiyo. Nyevu alimpigia kila adhuhuri kumwuliza kama amekula, naye Lewa alijibu kwamba amekula wali lakini mchuzi ndio huu anaousikia sikioni. Siku moja walipokuwa wakitembea, Lewa alisimama ghafla, akavuka barabara, akamwambia fundi nguo aliyekuwa barazani kwamba gurudumu moja ndani ya cherehani yake limevunjika jino. Ilipofunguliwa, kweli, jino halipo.

"Masikio yako ya kichawi," Nyevu alimwambia.

"Hayana adabu tu. Husikia yote."

Miezi minane ilipita hivyo. Lewa akaomba kwenda Jilore kujitambulisha, na Nyevu akamwambia asubiri kidogo, kuna jambo linamkaa kichwani. Jambo lenyewe lilikuwa la Bi Pola.

Bi Pola alikuwa mjane wa Kiitaliano aliyekaa Malindi miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa na chumvi ya pwani. Marehemu mumewe alipiga tarumbeta ujanani kwao, na uzeeni akawa mkusanyaji. Mkusanyo wenyewe ulikuwa tarumbeta tatu, kila moja imeundwa kwa mkono na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa Bi Pola alikuwa akirudi kwao. Mumewe alimwachia neno kwamba moja ibaki Malindi, kwa mtu atakayeipiga, si atakayeitundika ukutani. Bi Pola alikuwa amemsikia Nyevu hotelini. Akamwita, akamwambia achague moja. Mbili zingeingia kashani, na kasha lingefungwa Ijumaa saa sita mchana.

Nyevu alizitazama moja moja. Ya kwanza ilipakwa fedha, nyepesi, na jina la fundi lilichorwa kwa mkono kwenye mdomo mpana wa mbele. Ya pili ilikuwa shaba tupu isiyopakwa kitu, imekolea rangi ya kahawa, nene na nzito hata mkono ukashuka kuipokea. Ukiitazama kwa karibu ungeuona mshono mahali bamba moja la shaba lilipokunjwa na kugongwa nyundo hadi likawa duara. Ya tatu ilikuwa na mdomo wa shaba nyekundu, na vibonyezo vilivyoshuka na kupanda bila sauti.

"Usichague kwa macho," Bi Pola alimwonya. "Wala kwa masikio yako. Mpigaji yuko nyuma ya sauti yake. Anayeijua ni aliyekaa mbele. Lete mtu mwenye masikio unayemwamini."

Nyevu hakuhitaji kufikiri.

Jumanne asubuhi walifika kwa Bi Pola. Leso mbili zilitundikwa kambani barazani kumficha mpigaji. Lewa, shati limepigwa pasi, alikaa mwisho wa bustani akiwapa mgongo. Nyevu aliipasha moto kila tarumbeta kwa pumzi, akatumia kipulizio chake mwenyewe kwa zote ili zisitofautiane isivyo haki, akapiga wimbo uleule. Moja. Mbili. Tatu. Kisha, bila kumwambia yeyote, akatoa begini ile ya babake, akapiga ya nne.

Hakukusudia hila. Alikuwa amepiga shaba ile tangu ana miaka kumi na mmoja, na moyoni alikuwa na swali moja asiloweza kujijibu: je, uzuri anaousikia ni wa tarumbeta, au ni mapenzi ya baba?

Lewa aliijua baada ya pumzi moja. Kibonyezo cha pili kiligonga, kama kilivyogonga siku ile dukani. Kwa nini aipige ya baba, kama si kumpima mkwe mtarajiwa? Mamake alimlea kwa neno moja: chakula cha ukweni hakikosi chumvi. Kijana hajafika hata kwa posa, ataanzaje kukosoa mali ya mkwe?

"Ya nne," alisema alipoitwa. "Ya nne ndiyo nzuri kushinda zote."

Nyevu alitoka nyuma ya leso. "Hukusikia kitu ndani yake?"

"Sikusikia kitu."

Bi Pola aliinamisha macho kikombeni. Nyevu alisimama akimwangalia mtu aliyesikia jino la cherehani kutoka ng'ambo ya barabara.

"Umenidanganya kuhusu sauti yangu," alisema polepole. "Nilikuleta ukae mahali nisipoweza kukaa mimi. Nikuulize wewe, siku zote za maisha yangu, kila nikimaliza kupiga, nani ataniambia ukweli?"

Akafunga begi, akaondoka.

Jumatano Lewa alimpigia, simu ikaita bila kupokewa. Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Siku hiyo Bi Kulthum, mshonaji mashuhuri wa mabuibui, alileta cherehani yake kibandani kwa Lewa. Lewa aliizungusha mara mbili, akamwambia bila kuinua kichwa kwamba ekseli, ule mhimili wa ndani, imekwisha, asije akamwuzia mtu kwa kumdanganya kuwa ni nzima.

Bi Kulthum alicheka, akajipepea kwa ncha ya mtandio. "Mafundi wamejaa mji huu, mwanangu. Mimi nakuja kwako mwaka wa sita kwa kuwa hujaniambia hata siku moja ni nzima ilhali ni mbovu. Hiyo ndiyo heshima yako kwangu."

Bisibisi ilibaki mkononi mwa Lewa. Bi Kulthum alipoondoka, alipiga simu tena. Safari hii ikapokewa.

"Usikate," Lewa alisema. "Sina maneno matamu leo. Ya kwanza inang'aa, lakini noti za juu zinatembea kama mtu mwenye viatu vipya, zinajiona. Ya pili ina nguvu, ila inameza mwanzo wa kila neno lako. Ya tatu ni laini, nilisikia pumzi yako kabla ya sauti. Mimi ningechukua ya tatu."

"Na ya nne?" Nyevu aliuliza.

"Ya nne, kibonyezo cha pili kinagonga. Hewa inavuja bomba la chini. Wewe unapuliza pumzi mbili ili itoke moja. Imechoka, Nyevu. Nilijua tangu siku ya mafuta. Niliogopa kumkosea babako kabla hajaniona uso."

Alimsikia Nyevu akipiga chafya, au akilia. Kisha sauti ikasema, "Kesho saa nne. Usichelewe."

Ijumaa kasha lilikuwa wazi barazani, nyasi kavu zimetandikwa ndani. Nyevu, leo na gauni jeupe na kitambaa cha kichwa cha manjano, hakutundika leso. Alipiga ya pili na ya tatu, Lewa akiwa bustanini amemgeukia uso kwa uso. Alipomaliza, alingoja.

"Ya tatu," Lewa alisema. "Ya pili bado inameza."

"Umesema kweli," Nyevu alijibu. "Nachukua ya pili."

Bi Pola akaanza kucheka taratibu.

"Inameza kwa sababu sijajua kuilisha. Ile ya tatu inanipa nilichonacho tayari, hii itanidai nisichonacho. Miaka kumi ijayo utakuwa umekaa mbele yangu, utaniambia kila siku imemeza kiasi gani. Nilitaka masikio yako, Lewa. Sikutaka unichagulie."

"Miaka kumi," Lewa alirudia.

"Ukiona mingi, sema."

"Naona michache."

Nyevu aliiweka tarumbeta nzito kifuani, na mkono wa pili ukamkabidhi lile begi jeusi la zamani. "Basi itengeneze hii, uirudishe mwenyewe Jilore. Baba atakuuliza ikoje. Ujue la kujibu."

Wiki tatu baadaye Lewa aliketi sebuleni kwa Mzee Fondo, mjombake ubavuni, na mbele yao dumu la pombe ya mnazi la kufungulia maneno ya posa. Kwa desturi halimiminwi hadi mwenye nyumba akubali. Mzee hakulitazama. Alilifungua begi, akavibonyeza vibonyezo kimoja kimoja, akauliza tarumbeta yake ikoje.

Mjomba alimkanyaga Lewa mguu. Nyevu alisogea mlangoni kusikiliza.

"Nimeziba panapovuja, baba, na kugonga kumepungua," Lewa alisema. "Lakini imechoka. Ya kupiga kila siku si hii tena."

Mzee aliipakata ile shaba, akaipangusa kwa kiganja tangu mdomo hadi kipulizio.

"Miaka mitano namwambia huyu msichana hivyo," alisema, "akidhani nayasema kwa kukosa meno." Akasukuma kikombe hadi mbele ya Lewa. "Mimina, mwanangu."