Sifuri Kwenye Kizingiti

Asubuhi hiyo ya Aprili Yao Ting alikunywa bakuli zima la supu ya ng'ombe na tumbo halikumsumbua, akaona ni dalili njema. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mbili zilizotangulia hazikufika hata mitano. Alitaka kwenda kwenye hekalu lililo nje ya Luoyang, kwenye ukumbi wa watawa mia tano wa udongo, amwombee mtoto huyu afike salama. Mumewe Guangyu alikuwa kazini, kwa hiyo mama mkwe akajitolea kumsindikiza.

Kujitolea ni neno la kumstahi tu. Bi Ge Suqin alikwenda ili akadharau. Alikuwa amefundisha hisabati miaka thelathini na minne, na tangu astaafu hakubakiwa na wa kumsahihisha isipokuwa mkwe wake. Ndani ya basi aliwacheka wazee waliobeba udi. Akawacheka wasichana waliokodi mavazi ya kifalme wapigwe picha. Akavicheka hata vilima vya makaburi ya wafalme: enzi zote zile, alisema, na leo wanapandiwa ngano kichwani. Kisha akatangaza, hadi dereva akasikia, kwamba kuna matumbo yasiyoshika kitu, na udi hauzibi tundu. Yao Ting alitazama nje. Alishazoea, na alimchukia kimyakimya.

Desturi ya ukumbi ule kila mtu wa Luoyang anaijua. Unaruka kizingiti bila kukikanyaga, unachagua sanamu, unahesabu kwenda mbele kwa idadi ya miaka yako, na ile unayoishia ndiyo inayobeba bahati yako. Miaka yenyewe huhesabiwa kizamani: mtoto akizaliwa tu tayari ana mmoja. Yao Ting alihesabu yake thelathini na mmoja, akaangukia mtawa mnene anayecheka, akafurahi sana. Kisha akauliza, kwa woga, kama angeweza kumhesabia na mtoto.

Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya kizingiti, miguu yote miwili, mwavuli mkononi, amevaa viatu vyake vya soli ya mpira, cha kulia kimepasuka kisigino.

"Mama, shuka hapo," mfagiaji wa ukumbi, mzee aitwaye Pang, alimwambia. "Hapakanyagwi."

"Ni ubao tu. Wewe fagia."

Halafu akamgeukia mkwe wake. "Unamhesabiaje mtu ambaye hajazaliwa? Ana miaka mingapi? Sifuri." Akanyoosha mwavuli kwenye sanamu ya kwanza. "Moja ni yule pale. Rudi nyuma hatua moja, unapata sifuri. Na sifuri ni hapa niliposimama mimi. Haya, bahati ya mjukuu wangu imeniangukia mimi. Twende nyumbani, miguu inaniuma."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakaacha. Mzee Pang alilaza ufagio wake chini.

"Ndiyo maana wazee walianzia moja," alinong'ona.

Njiani kurudi Bi Suqin hakumcheka mtu. Yao Ting alidhani amechoka. Walipofika nyumbani, mwavuli ulikuwa bado mkononi mwake. Vidole havikufunguka hadi Guangyu alipovikunjua kimoja kimoja.

Wiki ile alianza kukaa kwenye kiti kimoja. Miguu ilikuwa mizito, alisema, hali ya hewa mbaya. Visigino vyake vikapasuka, na kwenye nyufa hakukuwa na damu. Kulikuwa na vumbi la manjano. Yao Ting alilifagia kila asubuhi. Kila asubuhi likawa jingi zaidi.

Daktari alisema ni ngozi kavu. Bi Suqin alimwita daktari mjinga, na hilo ndilo neno lake la mwisho watu walilolisikia vizuri. Baada ya hapo taya lilikuwa zito. Hakupepesa macho. Yao Ting, ambaye miaka sita alikuwa ameomba mwanamke huyu anyamaze, sasa alikaa mbele yake akimsihi aseme chochote, hata tusi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita. Msichana, mzima, mwenye sauti kali. Kutoka hospitalini Guangyu alipiga simu nyumbani kwa mazoea. Haikupokelewa. Alipofika alimkuta mama yake kitini, mguu mmoja umekunjwa juu ya mwingine, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kudharau kitu. Alikuwa wa baridi. Wanawake waliomwosha walimwaga ndoo kumi na moja. Maji hayakuacha kutoka ya manjano.

Mtoto alipotimiza siku mia, Yao Ting alimbeba akaenda hekaluni kushukuru. Mbele ya mlango wa ukumbi palikuwa na kikombe cha udi, na mzee Pang alikuwa akiufagia uvumba uliomwagika, bila kuinua uso.

Juu ya kizingiti, ndani ya mti ule mgumu wa miaka mia kadhaa, palikuwa na alama mbili za viatu, zimezama kina cha kidole. Ya kulia ilikuwa na ufa kisiginoni.

Yao Ting alikumbuka vizuri. Siku ile mama mkwe alisimama akitazama ndani.

Alama zilitazama nje, kwa wanaoingia. Yao Ting alimfunika mtoto uso, akainua mguu juu sana, akapita.