Mgongo wa Karatasi

Karatasi iliyokauka jana ilikuwa imeloa tena, upande mmoja tu.

Shizuno aliigusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Haikunuka gundi. Ilinuka nywele za mtu aliyetoka mvuani.

"Tomoharu, umemwagia nini hapa?"

"Mimi? Sijamwaga kitu," mumewe akajibu bila kuinua uso kwenye ubao wa kukaushia. "Ni mvua za mwezi wa sita. Kyoto nzima inaota ukungu. Hata mama anaota ukungu."

"Nimekusikia!" Fusae, mama yake Tomoharu, akapaza sauti kutoka jikoni.

Walicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho karakana yao ya kukarabati maandiko ya kale kusikia kicheko cha watu watatu.

Karatasi yenyewe ilitoka katika hekalu dogo la milimani. Miaka mia saba nyuma, mwanamke mmoja alifiwa na mumewe vitani. Akaichukua barua ya mwisho ya marehemu, akaigeuza, na nyuma yake akanakili maneno ya Buddha ili roho ya mumewe ipate kupumzika. Ndivyo walivyofanya wajane wa zama zile. Barua haikutupwa wala kuchomwa. Sala iliegemea mgongo wa maneno ya mpendwa.

Kazi ya Shizuno chuoni ilikuwa kueleza maandiko ya kale kama vitu: nyuzi za karatasi, rangi ya wino, nafasi kati ya mistari, hata matundu ya wadudu aliyachora moja moja. Karatasi hii, ilipoletwa karakanani, ilikuwa dhaifu, ikihitaji kubandikwa nyingine ya kuitegemeza, nayo hiyo ingeifunika barua. Shizuno hakuweza kukubali barua ifunikwe. Karatasi ya gome la mforosadi, ikiloweshwa na mkono mahiri, huweza kuchanwa kwa unene wake ikawa mbili, huku sala, huku barua. Tomoharu alikuwa na mkono huo.

"Baba yenu hakuwahi kuchana karatasi ya maiti," Fusae alionya.

"Mama, ni karatasi tu," Shizuno alisema.

"Haya, bibi wa chuo. Wewe na rula yako."

Tomoharu alisita, akamtazama mkewe, akaichana. Barua iliposomeka haikuwa na lolote kubwa. *Huku baridi imezidi. Niletee lile koti langu la pamba. Usiwaachie kunguru matunda yote.* Shizuno alilia aliposoma, kisha akaipeleka chuoni, akaifungia katika droo yake. Hakuna mtafiti mwingine aliyekuwa na kitu kama kile.

Tangu siku ile karatasi ya sala ilipokutwa imeloa, Tomoharu alianza kulalamika baridi. Alivaa sweta juu ya sweta. Adhuhuri moja Shizuno alimpapasa mgongoni, akautoa mkono upesi. Mgongo ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na mumewe hakujua kwamba ameguswa.

Ndipo wakasikia sauti nyuma ya mlango wa karatasi, sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyekwisha kulia akachoka.

"Mgongo wangu uko wapi?"

Fusae aliangusha bakuli.

"Msijibu," alinong'ona. "Jamani, mtu asijibu!"

Lakini Tomoharu alikuwa amekwisha kuinuka, macho yake yakitazama mbali kupita mlango, kupita bustani, na kwa sauti ambayo Shizuno hakuwahi kuisikia, sauti ya mwanamume wa nchi ya baridi, akasema, "Niko hapa, mke wangu, niko hapa," na harufu ya nywele zilizoloa ikajaa chumba kizima, ikaingia kwenye mikeka, kwenye wali, kinywani mwao, na mlango ukatota taratibu kuanzia chini kwenda juu kana kwamba mtu ameuegemea kwa upande wa pili na machozi yake yote.

Fusae alimwita Myokei, mtawa mzee mwenye sauti ya mkwaruzo. Mtawa alisoma dua hadi midomo ikamkauka, kisha akamkabili Tomoharu, ambaye sasa hakuwa na nguvu hata ya kushika vijiti vya kulia chakula.

"Wewe uliyemo, unataka nini?"

Kinywa cha Tomoharu kikafunguka. Ikatoka sauti ya mwanamke. "Walitutenganisha. Hawakutuuliza."

Mtawa akamgeukia Shizuno. "Nusu ya pili iko wapi, binti?"

"Chuoni. Lakini mama mtawa, ikibandikwa tena haitasomeka kamwe. Ndiyo kazi yangu yote."

"Na huyu je?" Myokei aliuliza, akimwonyesha Tomoharu. "Huyu si wako?"

Shizuno alikimbia mvuani bila mwavuli.

Alirudi na barua kifuani. Fusae akafungua mtungi wa gundi ya ngano ambayo marehemu mumewe aliiacha ichachuke miaka na miaka chini ya sakafu. Shizuno mwenyewe alishika brashi. Aliziweka nusu mbili mgongo kwa mgongo, akazilinganisha kwa matundu ya wadudu, maana mdudu hutoboa pande zote mbili. Lakini karatasi ikiloa hutanuka. Alisogeza, akapuliza, akasogeza tena. Matundu yalikaribiana, hayakukutana. Palibaki upana wa punje ya mchele.

"Basi," Myokei alisema kwa huzuni. "Hapo ndipo mwisho wake. Kilichochanwa hakirudi bure; pengo hilo litachukua chake."

Harufu ilitoweka. Mlango ukakauka. Jioni ile Tomoharu aliketi, akaomba wali na figili za kuchachushwa, akamtania mama yake kwamba chumvi imemkimbia. Fusae alilia huku akicheka. Shizuno, aliyekuwa amejikunja pembeni, alijivuta karibu na kuweka kiganja mgongoni mwa mumewe. Ulikuwa na joto.

Tomoharu alishtuka, akajitenga kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Samahani sana, bibi. Sikukuona. Umeleta kazi gani?"

Fusae aliziba mdomo kwa kitambaa. Shizuno alitafuta usoni mwa mumewe mzaha, hata mdogo. Hakuuona. Alikuwa akimtazama kama wateja wote, kwa upole, akingoja jibu.

"Sikuleta kazi," alisema. "Nimekuja kusubiri."

"Basi karibu chai," Tomoharu alimwambia, akamsogezea mto wa wageni.