Mkimbiaji wa Kwanza

Jumatatu asubuhi kliniki ya meno hujaa pomoni, maana watu huvumilia jino Jumamosi, huliombea dua Jumapili, na Jumatatu hukubali yaishe. Katika msongamano huo fundi wa meno ya bandia alitoka karakanani kwake na sinia la meno ya plasta, akakutana mlangoni na dada mmoja mrefu mwenye suti ya michezo ya kijani na mfuko wa magongo begani. Dada akageuka kuuliza mapokezi ni wapi, na mfuko nao ukageuka. Meno ya watu tisa yakatawanyika sakafuni, mengine yakaingia chini ya mabenchi ya wagonjwa.

"Nisamehe, kaka yangu," akasema yule dada, tayari kapiga magoti. "Haya ya juu ni ya nani?"

"Ya mwalimu mkuu mmoja."

"Na haya ya chini?"

"Hayo ni ya mama mkwe wa daktari. Usiyachanganye, tutafukuzwa wote."

Akacheka, na alipocheka akaziba mdomo kwa kiganja. Fundi, ambaye kazi yake ni vinywa vya watu, akajua papo hapo kwamba pale pana pengo. Akajua pia, na hili halikutokana na kazi, kwamba anatamani ule mkono ushuke.

Dada huyo alikuwa mlinzi wa timu ya taifa ya mpira wa magongo kwa mwaka wa kumi na mbili, na wenzake walimwita Kipanga. Pengo alilipata kwenye mechi ya ugenini, mpira ulipomparamia mdomoni. Alikuja kutengenezewa kinga ya meno, ile ya plastiki ambayo wachezaji huiuma wakiwa uwanjani. Fundi akamtengenezea kinga, akamtengenezea na jino. Kinga ilichukua siku tatu. Jino lilichukua wiki tano, hata dada mkubwa wa fundi, aliyekaa mapokezi, akaanza kuguna.

"Jino gani hilo linajaribiwa kila Alhamisi?" akauliza. "Na Alhamisi ndiyo siku yako ya shati la pasi."

"Lazima likae vizuri, dada."

"Jino limeshakaa. Asiyekaa ni wewe."

Mapenzi na kikohozi hayafichiki. Mkono ulishuka, Kipanga akacheka mdomo wazi, na simu zikawa za kila siku. Yeye akipiga kutoka vyumba vya hoteli, soksi za mechi zimeanikwa dirishani nyuma yake, na fundi akipokea kwa vidole vilivyojaa plasta.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Mmefungwa ngapi leo?"

"Nani kakwambia tumefungwa?"

"Mkishinda huniulizi kama nimekula."

Siku fundi alipokwenda uwanjani kwa mara ya kwanza ndipo alipoelewa mpenzi wake anafanya kazi gani. Wapinzani walipata kona fupi, adhabu inayoishia kwa shuti la karibu na goli. Mpigaji wao alijipanga mbele ya goli, tayari kuupiga mpira mgumu kama jiwe kwa nguvu zake zote, na mlinzi mmoja akachomoka golini kumwendea yeye na mpira wake, kinyago cha kujikinga usoni. Huyo huitwa mkimbiaji wa kwanza, na alikuwa Kipanga. Alikimbia hivyo mara sita. Mara ya nne mpira ulimpiga pajani, akainuka, akapangusa majani, akarudi kwenye mstari. Fundi hakuona mechi iliyobaki, alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Ile kazi mwachie mwenzako, mpenzi," akamwambia wakitoka.

"Mwenzangu yupi? Wote wana meno."

"Sijasema uache mchezo."

"Umesema, ila umeuzunguka."

Wakapatana kabla ya kufika kituoni, lakini mfupa ukabaki kooni.

Wiki tatu baadaye timu ilikuwa kambini, ikijiandaa kwa mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia. Kipanga alikuwa na miaka thelathini na moja. Asipofuzu safari hii, hakuna nyingine. Fundi alikuwa anamtengenezea kinga mpya, na kwenye umbo la plasta akaona mstari mwembamba kwenye gego. Simu za wachezaji zilikuwa zimekusanywa. Kocha akapiga kliniki kuulizia kinga, na fundi akamjibu kama fundi: gego lina ufa, daktari alione kwanza. Kocha hakutaka maneno mengi. Jioni ile akamwondoa Kipanga kikosini.

"Hongera," Kipanga akasema kwenye simu, sauti imekauka. "Umepata ulichotaka. Umeshindwa kunizuia mlangoni, ukapitia dirishani."

Fundi akafungua mdomo kujitetea, akaufunga. Simu ikakatika.

Kesho yake Kipanga alikuja kuonana na daktari, akapita mlango wa karakana bila hata salamu. Ufa ulikuwa wa juu juu. Daktari akausawazisha kwa dakika ishirini, akaandika barua kwamba mgonjwa yuko sawa. Kipanga akaiacha mezani. Ya nini, na kikosi kimeshajaa?

"Ipeleke hiyo barua kambini," dada yake wa mapokezi akamwambia fundi. "Majina yanapelekwa saa sita. Au unapenda yakae yalivyo?"

Swali hilo lilimchoma kuliko maneno ya Kipanga. Akavua koti la kazi, akaenda kambini, akasimama mbele ya kocha hadi barua ikasomwa yote. Akarudi kazini, hakumwambia mtu.

Siku ya tatu simu ikaita. Nyuma ya sauti kulikuwa na matangazo ya uwanja wa ndege.

"Kocha kanirudisha kikosini, na kaniambia nani alileta barua," Kipanga akasema. "Sasa nijibu kweli. Ulipomwambia habari ya jino, uliogopa jino au ulitaka nibaki?"

"Niliogopa jino. Lakini uliponiambia umeondolewa, nilifurahi. Ndiyo maana sikujitetea."

Ndege ikatangazwa, si ya kwao.

"Nina miaka miwili mbele, Mungu akipenda," Kipanga akasema. "Na kona fupi zote nitakimbia mimi. Utazoea?"

"Sitazoea."

"Basi?"

"Nitakuja kila mechi, na nitakuwa naogopa. Ila safari hii nitatazama."

Akamsikia anavuta kamasi, halafu anacheka.

"Tunarudi tarehe tisa. Jumapili yake njoo nyumbani kwa mama, saa nane mchana. Usije peke yako kama mtu anayedai kodi, njoo na mkubwa wako. Umenielewa, mume?"

Fundi akaweka simu kwenye meza ya plasta, akasimama hapo hapo. Dada akachungulia mlangoni.

"Wewe, umekuwaje? Wagonjwa wanasubiri."

"Dada," akasema, "tafuta nguo nzuri. Tunaenda ukweni."